Debe la Ishirini na Saba

Kijiji chetu kinaitwa Ishirini na Saba.
Wageni wakishuka Rongai huuliza:
ishirini na saba nini? Ekari? Maili? Makaburi?
Namba tu. Ilichorwa kwa chokaa mwisho wa njia ya ndege,
kila tarakimu ndefu kuliko nyumba,
ili aliye juu ajue anaelekea magharibi.
Saba imebaki mguu. Mbuzi wanaulamba.

Khisa Lukorito, babu yangu, tuliyemwita Kuka,
aliletwa kwa treni kutoka Bungoma
mwaka chifu alipohesabu vijana kwa ncha ya fimbo.
Alidhani atapewa bunduki.
Akapewa debe tupu la petroli na rungu la mleleshwa:
kila alfajiri, kabla jua halijapanda Menengai,
akimbie njia nzima akilipiga,
pundamilia watoke, swala watoke, ngiri na wanawe watoke,
wazungu wapate kujifunza kuruka.
Hatua elfu moja mia nane kwenda. Na kurudi.
Viatu hakupewa. Senti alipewa,
zikakatwa kodi ya nyumba asiyolala ndani yake.

Marubani wenyewe walikuwa watoto, ndevu bado,
ndege zao zikitua kwa kuyumba kama ndama wa jana.
Walimwita Ngoma. Walimrushia sigara;
hakuwa mvutaji, akazibadilisha kwa sukari.

Asubuhi moja ya Aprili ukungu ulilala chini.
Alikimbia, alipiga, hakuuona mkono wake mwenyewe.
Huko mbele, penye dimbwi la mvua,
heroe walikuwa wametua usiku kutoka ziwani,
na heroe hawajui debe.
Sehemu iliyofuata hakuisimulia.
Alisema tu: manyoya ya waridi, mengi,
na vingine havikuwa manyoya.

Wakamsimamisha mbele ya meza.
Ulipiga? aliuliza mkalimani.
Nilipiga.
Ulipiga kwa nguvu?
Akaligeuza debe, akawaonyesha kibonyeo.
Meza nzima ikakitazama kibonyeo kile
kama watu walioletewa barua kwa lugha ya wengine.
Walimkata mshahara wa mwezi. Debe wakamrudishia.

Vita vilipokwisha malori yalibeba mabati, taa,
hata lango na bawaba zake.
Walisahau kumwambia aache.
Akakimbia asubuhi kumi na moja zaidi,
akiwasafishia njia watu waliokwisha kwenda kwao.
Ya kumi na mbili, pundamilia mmoja alikataa kuondoka.
Wakatazamana.
Kuka akalipindua debe, akalikalia.

Sasa pana nyufa, na mbigili ndani ya nyufa.
Vijana wanajifunzia pikipiki,
na mwezi wa kumi na moja njia yote ni mahindi yetu,
maana jembe halijawahi kulishinda zege lile;
kisicholimika, tukakianikia.
Mwaka wa tisini na mbili helikopta ya mgombea
ilikuja kutuomba kura, ikashuka palepale,
punje zikitimka kama siafu wenye mabawa,
watoto katikati wakishangilia.
Kuka, mzee wa goti bovu, alitoka jikoni na debe,
akikimbia, akipiga, akipiga: tokeni! tokeni!
Alifika hatua ya arobaini. Watoto walitoka.
Mgombea alidhani anapigiwa ngoma, akapunga mkono.

Debe ninalo. Ndilo ninalouzia mahindi.
Wanunuzi wa Nakuru hulalamika:
Mama, hili limebonyea, unatupunja kiganja.
Ni kweli, kiganja kinapungua.
Nawaambia kilichukuliwa na vita,
nendeni mkakidai huko.